Sehemu ya pili nayo huchekesha? Niliyoyaona kwenye diski 13 za sinema za mzaha

Diski 13 zilinifikia mwezi wa Julai, kusi limekaza na mashua nyingi zimefungwa. Zilitoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, zikavuka kwa boti mpaka gatini Lamu, zimeviringwa gazeti ndani ya boksi la viatu. Nilizinunua kwa sababu ya ubishi. Mwana wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, alishikilia barazani kwamba sinema ya kuchekesha haina sehemu ya pili; hiyo ya pili ni ya kuvuna pesa za watu tu. Mimi nimekua na sinema hizi, nazipenda tangu utotoni, na maneno yale yaliniuma. Nikamwambia tuzitazame zote kwa mpango, kila moja na mdogo wake, halafu tuseme.

Nieleze kwanza ninachokipima. Sisemi vichekesho vyote. Nasema zile sinema zinazoichezea shere sinema nyingine: zinachukua hadithi ambayo wenyewe waliisimulia kwa uso mzito, ndege inayotaka kuanguka, askari mmoja anayemaliza jeshi zima, muuaji mwenye kinyago, kisha zinaisimulia upya mpaka uzito wote umwagike. Kwetu jambo hili si geni. Mtoto anayejua kumwiga mwalimu wake wa chuo cha Kurani, kikohozi chake, bakora yake, namna anavyokunja miguu kuketi, hukusanya watu mlangoni. Lakini hucheka wale wanaomjua mwalimu. Mgeni aliyeshuka botini asubuhi ile atasimama akitazama tu.

Nyumba yetu iko Mkomani, ina kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye ukuta mmoja mweupe wa chokaa. Projekta niliazima. Watazamaji walikuwa kaka yangu, mwanawe, jirani yetu fundi wa mashua, na Mama, ambaye alitandikiwa mkeka na kupewa mto wake.

Usiku wa kwanza tuliweka Airplane! ya mwaka 1980. Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, waliichukua sinema ya mwaka 1957 iitwayo Zero Hour!, wakanunua haki zake, na mengi ya maneno yake wakayaacha vilevile. Hapo ndipo ufundi wao ulipo. Maneno yaliyoandikwa ili watu waogope, yakisemwa na mtu asiyetabasamu huku nyuma yake kunatendeka upuuzi, yanavunja mbavu. Waigizaji nao walitafutwa kwa uzito wao: Leslie Nielsen, Lloyd Bridges, Robert Stack na Peter Graves, watu wazima waliozoeleka kwenye kazi za makini. Iligharimu kama dola milioni 3.5, na Marekani peke yake ikaingiza zaidi ya milioni 80.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona Zero Hour!. Hata hivyo sinema ilituingia, kwa kuwa msiba wa mle ndani ni samaki. Abiria na marubani waliochagua samaki kwenye chakula wanaanza kuugua mmoja mmoja. Mama alikaa sawa akauliza, "Samaki gani huyo?" Jirani akamjibu, "Wa barafu, Mama. Wa siku nyingi." Kuanzia hapo alikuwa ndani ya ndege ile mpaka ilipotua. Mchezo wa maneno wa jina Shirley, ambalo kwa Kiingereza husikika kama "surely", yaani "hakika", nilijaribu kumfasiria nikaacha, maana ukishaufasiri umekufa. Ila daktari anayetoa habari mbaya kwa uso mkavu kama ubao hahitaji mkalimani.

Kisha tukaweka Airplane II: The Sequel, ya mwaka 1982. Wale watatu hawakuwamo; aliyeandika na kuongoza ni Ken Finkleman. Leslie Nielsen hayumo. Wapenzi wale wale wawili wamo, hatari ile ile imo, chumba cha kuongozea ndege kimo, ila safari hii chombo kinakwenda mwezini. Nilitaka kuipenda. Nusu saa ya kwanza kaka alisinzia, na sikuweza kumlaumu. Ni majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, ukiyatia maji ya pili unapata rangi bila ladha. Kisha akatokea William Shatner, yule nahodha wa Star Trek, akiwa mkuu wa kituo cha mwezini, na sinema ikafufuka. Kaka aliamka. Kijana akasema, "Ami, huyu ndiye alitakiwa aanze."

Nimelifikiria sana neno lile. Sehemu yote iliyotangulia ilikuwa ikiiga Airplane!, na Airplane! yenyewe ni mzaha. Huwezi kumchezea shere mtu ambaye tayari anacheka. Shatner alipoingia na ule uzito wake wa miaka mingi ya anga za juu, wakapata tena mtu wa kuigwa. Marekani iliingiza kama dola milioni 27, chini ya theluthi moja ya ile ya kwanza, na naona walistahili.

Sasa nifike kwenye usiku nilioupenda kuliko wote.

Hot Shots! ya mwaka 1991 ni kazi ya Jim Abrahams, steringi ni Charlie Sheen, na inayochezewa shere ni Top Gun ya mwaka 1986, ya wale marubani wa ndege za kivita. Ni sinema nzuri. Kijana alicheka sana kwa sababu ameiona Top Gun ya pili, ile ya mwaka 2022. Sisi wengine tulicheka hapa na pale. Jirani aliniuliza mara mbili kwa nini rubani yule anaendesha pikipiki kando ya ndege, na nilipomweleza kwamba ndivyo ilivyo kwenye sinema yenyewe akaitikia kwa adabu tu.

Tukaweka Hot Shots! Part Deux, ya mwaka 1993. Ukutani akatokea Sheen kifua wazi, kitambaa kichwani, na jirani akapiga kelele kabla hajasema neno: "Rambo!"

Rambo tunamjua. Watu wa rika langu walimwona kwenye mabanda ya video, tumebanana kwenye mabenchi, sauti ya jenereta ikishindana na risasi. Wenzetu wa Tanzania walifika hadi kuita mifuko ya plastiki rambo. Tunajua anavyojifunga kitambaa, anavyovuta upinde, anavyobeba bunduki ya kuwekwa garini kwa mkono mmoja. Tunajua pia kwamba steringi hafi. Kwa hiyo kila kilichochezewa shere mle ndani kilikuwa chetu. Kuna kanali anayekuja kumwomba steringi arudi vitani. Jirani alimtambua, akasimama kabisa. Ni Richard Crenna, yule yule kanali wa Rambo, ameitwa aje aicheze kazi yake mwenyewe kwa mzaha, na anaicheza bila kukonyeza jicho. Kuna mahali steringi anaishiwa mishale, anamshika kuku, anamweka kwenye upinde, anamwachia. Kuna mahali anapiga risasi huku tarakimu za maiti zikipanda pembeni ya skrini, mpaka inatangazwa kwamba sinema hii sasa imezipita nyingine kwa kumwaga damu. Hiyo ni hoja, si kichekesho tu. Inakuuliza ulikuwa ukihesabu nini miaka yote ile ulipokuwa ukishangilia bandani.

Marekani hii ya pili iliingiza kama milioni 38, na ya kwanza milioni 69. Wao walipiga kura yao kwa tiketi. Kiwandani kwetu matokeo yalikuwa kinyume, na sioni kwamba tulikosea. Mzaha hupimwa na anayemjua anayeigwa. Tena Abrahams hakuirudia sinema yake mwenyewe. Alitoka marubani akaenda msituni. Mtoto anayemwiga mwalimu aliyekwisha kuzoeleka hana budi kesho amwige nahodha.

The Naked Gun zilikuwa tatu. Hizi zina asili ya kusikitisha kidogo: zilianza kama kipindi cha televisheni, Police Squad!, mwaka 1982, kikakatwa baada ya vipindi 6 tu. Leslie Nielsen akarudi na ofisa wa polisi yule yule, Frank Drebin, kwenye sinema ya mwaka 1988, na dunia ikampokea. Ya pili, ya mwaka 1991, naiweka sawa na ya kwanza, na kwa muda mfupi mfupi naiweka juu. David Zucker aliongoza zote mbili, mkono wa mpishi ni ule ule. Lakini kitoweo kimebadilishwa: humo wanapigwa vijembe wakubwa wa mafuta, makaa ya mawe na nyuklia, na ile picha mashuhuri ya kufinyanga chungu kutoka Ghost ya mwaka 1990 inafanyiwa mambo ambayo siwezi kuyaeleza hapa, ila Mama alijifunika uso na mtandio huku mabega yakimtikisika. Iliingiza Marekani kama milioni 86 dhidi ya 78 za ile ya kwanza. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya pesa, madai ya kijana yalianza kuvuja.

Diski ya tatu iliganda karibu dakika ya 40. Tuliifuta kwa pamba na spiriti, tukaijaribu kwenye mashine mbili, ikaganda pale pale. Nilimpigia aliyeniuzia, akaniambia niirudishe mwenyewe Mombasa. Kwa diski moja, kutoka Lamu! Nimekasirishwa na jambo hili na bado nina hasira nalo, maana alipokuwa akiniuzia alijua vizuri ninakoishi. Ukinunua diski za namna hii, zijaribu kabla hazijapanda basi. Nilimalizia sinema ile kwa kuikodi mtandaoni. Mwongozaji ni Peter Segal, mwaka ni 1994, na mwisho wake kwenye sherehe za Oscar unastahili kungojewa, ila katikati pamelegea.

Scary Movie sikuziweka mbele ya Mama, na nakushauri usiziweke mbele ya wako. Mizaha yake mingi ni ya chini ya kiuno. Tulizitazama wanaume wanne, milango imefungwa, watoto wamelala. Ya kwanza, ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Keenen Ivory Wayans, ina nguvu kwa sababu Scream, ile sinema ya muuaji mwenye kinyago, imeshikwa barabara, hatua kwa hatua. Bango lake lilitamba kwamba hakuna huruma, hakuna haya, na hakuna sehemu ya pili. Mwaka mmoja haukutimia, ya pili ikawa sinemani, Julai 2001, na bango jipya likakiri kwamba walidanganya. Haraka ile inaonekana. Walibadilisha wa kuigwa, wakaenda kwenye nyumba zenye mashetani, lakini mizaha haikuiva. Ya tatu, ya mwaka 2003, waliikabidhi kwa David Zucker, naye akamleta Leslie Nielsen awe rais wa Marekani. Matusi yakapungua, vicheko vikarudi. Kwa hiyo kubadilisha anayeigwa peke yake hakutoshi. Muda wa kupika nao unatakiwa.

Tulimaliza na Johnny English, ili Mama arudi mkekani. Yeye humwita Rowan Atkinson kwa jina la Mr Bean, hataki kusikia jingine. Jasusi huyu alizaliwa kwenye matangazo ya kadi ya benki huko Uingereza, akapata sinema mwaka 2003, 2011 na 2018, na kila moja iliingiza duniani kama dola milioni 160. Sijaona familia nyingine ya sinema za mzaha iliyolingana hivyo. Mimi naichagua ya pili, Johnny English Reborn. Kijana mmoja anakimbia akiruka kuta na mapaa, na English, mtu mzima, anamfuata kwa utulivu: anafungua geti, anapanda lifti. Fundi wetu wa mashua ana miaka 60 na kitu. Alisema huyo ndiye mtu wa kwanza mwenye akili aliyemwona kwenye sinema ya kukimbizana. Kisha kikaja kikao na waziri mkuu, na kiti cha English kikaanza kupanda na kushuka chenyewe, naye uso hautikisiki.

Baadaye nilikodi pia The Naked Gun ya mwaka 2025, tukaitazama kwenye laptopu. Drebin wa sasa ni mwana wa yule wa zamani, na anayemcheza ni Liam Neeson. Hapo waliomchagua yeye walijua kazi yao. Vijana wote wa hapa wanamjua Neeson wa Taken, baba anayenong'ona kwenye simu kabla hajaua mtu. Uso ule ule, sauti ile ile, na safari hii maneno ni ya kipuuzi. Nielsen hawezi kurudi, na sitasema pengo limezibika. Lakini wamekwenda kutafuta uso mzito upya badala ya kumwiga mzee, na kijana aliicheka kama nilivyoicheka ile ya mwaka 1988 nilipokuwa na umri wake.

Ukitaka kununua, chukua Hot Shots! zote mbili kwa pamoja, Naked Gun mbili za mwanzo, na Reborn. Airplane! usiikose, ya pili yake itazame ukiikuta bure, na uwe na subira mpaka Shatner aingie. Kijana hakusalimu amri yote. Anasema Airplane II na Scary Movie 2 ni ushahidi wake, na hizo nimemwachia. Sehemu ya pili ya Rambo wetu wa kuku ameichukua kwenye flashi kwenda kuwaonyesha wenzake Langoni.

Mama ameomba ile ya kiti irudiwe Ijumaa, baada ya Isha.