Kibodi ndogo za mekanika: anza na Shift ya kulia

Malalamiko ninayoletewa kuhusu kibodi ndogo za mekanika yanafanana mno. Mtu amenunua, swichi (vifaa vidogo vilivyo chini ya kila kitufe) anazipenda, mlio anaupenda, halafu siku chache baadaye analalamika kwamba maandishi "yanaruka". Anamaliza sentensi, anataka kuanza nyingine kwa herufi kubwa, na herufi hiyo inatokea katikati ya mstari wa juu, ndani ya neno lililokwisha kuandikwa. Wengi wanadhani wameuziwa kibodi mbovu. Kibodi ni nzima. Imepangwa vibaya, na kasoro hiyo ilikuwa wazi kwenye picha ya tangazo, ila hakuna aliyewaonyesha pa kutazama.

Kwa hiyo humu hutakuta habari za swichi, taa za rangi wala betri. Hayo yameandikwa hadi yamechosha, na swichi hata hivyo unaweza kuibadilisha kwenye kibodi nyingi za sasa kwa kuichomoa tu. Mpangilio wa vitufe haubadiliki. Ukishanunua ndio huo.

Tazama Shift ya kulia. Ukichapa kwa vidole vyote, kila herufi kubwa inayopigwa na mkono wa kushoto huhitaji Shift ya kulia. Wakati, Baada, Tangu, Sasa, Watu, Basi: maneno haya huanzisha sentensi zetu kila mara, na yote yanaanza na herufi za mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinanyooka bila wewe kukitazama na kutua pale kilipozoea kuikuta Shift. Kikikuta mshale wa juu, unapanda mstari mmoja, na herufi inaingia huko.

Upana wa kitufe cha herufi huitwa yuniti 1, yaani milimita 19.05 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake. Kwenye kibodi kubwa ya mpangilio wa Kimarekani, Shift ya kushoto ina yuniti 2.25 na ya kulia 2.75. Kati yake kuna vitufe 10, kuanzia Z hadi alama ya mkwaju (/). Jumla ni yuniti 15. Kibodi ya kweli ya asilimia 60 (asilimia hutaja takriban ukubwa wake ukilinganisha na kibodi kubwa), yenye vitufe 61, hubaki na hesabu hiyohiyo, kwa sababu imeondoa mishale badala ya kuibana. Ya asilimia 65 huongeza safu moja ya wima upande wa kulia, na Shift ya kulia inapungua hadi yuniti 1.75 ili mshale wa juu upate nafasi. Hapo bado kidole hakipotei, maana 1.75 ni upana wa kutosha kulenga bila kuangalia.

Tatizo kubwa liko kwenye kibodi za vitufe 64. Hizi zina upana uleule wa asilimia 60, lakini mtengenezaji ametaka mishale pia. Amefanyaje? Shift ya kulia ameikata hadi yuniti 1, sawa na kitufe cha herufi, akaweka mshale wa juu pembeni yake na Delete baada ya mshale. Bado nafasi haikutosha, kwa hiyo ameikata na Shift ya kushoto kutoka 2.25 hadi 2. Piga hesabu: 2, kisha 10, kisha 1 mara tatu, unapata 15.

Ile robo ya yuniti iliyokatwa kushoto ndiyo kasoro ambayo sijaona ikitajwa kwenye tangazo hata moja. Shift ya kushoto ikifupishwa, safu nzima ya Z, X, C, V, B, N, M inavutwa kushoto kwa karibu milimita 5. Safu tatu zilizo juu yake hazikusogea. Vidole vyako vinajua B iko wapi, na B haipo pale tena. Unapiga N ukitaka B, unapiga nafasi kati ya vitufe viwili, na kasi yako inashuka bila kujua sababu. Watu huambiwa "utazoea". Ukizoea, utakosea kwenye kila kibodi nyingine utakayoigusa, ofisini na kwenye kompyuta mpakato.

Kipimo chake hakihitaji rula. Tafuta picha iliyopigwa kutoka juu kabisa. Fuata mwanya unaotenganisha A na S, ushuke nao hadi safu ya chini: lazima uangukie katikati kabisa ya kitufe cha Z. Fanya hivyo upande wa pili, mwanya kati ya L na nukta-mkato uangukie katikati ya kitufe cha nukta. Ukiangukia kulia kwa katikati, karibu na ukingo wa kitufe, safu imevutwa. Mpangilio wa Ulaya nao una Shift fupi ya kushoto, lakini huko kuna kitufe cha ziada kabla ya Z, hivyo Z inabaki mahali pake. Huo usiukatae kwa sababu hii.

Sasa wauzaji. Nimepekua matangazo mengi ya kibodi hizi na yananikera kwa jambo moja: picha karibu zote zimepigwa kwa mshazari, taa zimewashwa, na kona ya chini kulia imekatwa au imefunikwa na kikombe. Kona hiyo ndiyo yote mnunuzi anayohitaji kuiona. Kichwa cha tangazo kinasema "asilimia 60", maelezo yanasema vitufe 64, na ukiuliza upana wa Shift unajibiwa kwamba mpangilio ni "wa kawaida". Si wa kawaida. Ukitaka kurudisha unaambiwa hakuna hitilafu, kila kitufe kinafanya kazi. Wengine wanauza kibodi za utando wa mpira, zisizo na swichi chini ya kila kitufe, kwa jina la "hisia ya mekanika", nayo bei inapandishwa kwa sababu ya taa na kinobu cha sauti. Mnunuzi anatozwa kwa kinobu huku Shift yake imekatwa katikati. Ni uonevu, na sioni kwa nini tuunyamazie.

Chaguo langu la kwanza ni asilimia 75 yenye mwanya, na hapo sifichi kwamba napenda Keychron, kampuni ya kibodi. Q1, iliyotoka mwaka 2021, na V1 iliyoifuata zina Shift ya kulia ya yuniti 1.75, na mishale imesogezwa kidogo kulia na chini, imetengwa na vitufe vingine kwa mwanya unaouhisi kwa ncha ya kidole. Mwanya huo mdogo ndio unaokuambia umefika ukingoni kabla hujabonyeza. Safu ya F1 hadi F12 nayo imetengwa. Q ni ya aluminiamu na nzito, V ni ya plastiki. Kwa mpangilio hazitofautiani, hivyo V1 inatosha kabisa kwa mtu anayeandika. Zote mbili zinakubali QMK na VIA, programu zinazokuruhusu kubadilisha kazi ya kila kitufe, na mabadiliko yanabaki ndani ya kibodi yenyewe hata ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine.

Nafasi ya pili naipa asilimia 60 safi, isiyo na mishale kabisa. Wengi watashangaa naiweka juu ya 65, lakini Shift yake ya kulia ni nzima, na mishale inapatikana kwa kushikilia Fn, kitufe kinachovipa vitufe vingine kazi ya pili. Anayehariri maandishi marefu ataitafuta mishale siku za mwanzo. Anayeandika tu hataikumbuka. Katika ukoo huu, iliyofikiriwa vizuri kuliko zote ni Happy Hacking Keyboard ya kampuni ya PFU ya Japani, iliyotoka mwaka 1996 kutokana na mawazo ya Profesa Eiiti Wada. Ina vitufe 60, Control imewekwa pale tulipozoea Caps Lock, na Shift ya kulia ina 1.75. Jirani yake ni Fn. Ukiikosea Shift ukagusa Fn peke yake, hakuna kinachotokea kwenye maandishi. Nikiulizwa mpangilio mzuri ni upi, nitataja uamuzi huo mmoja. Matoleo yake ya Professional hutumia swichi za Topre, zenye kuba la mpira ndani, ambazo wengine hawazihesabu kuwa mekanika kamili. Kwangu hilo halina uzito.

Ya tatu ni asilimia 65 na 75 zilizobanwa, kama Keychron K6 yenye vitufe 68 na K2 yenye 84. Shift ni 1.75, safu ya Z iko sawa, lakini mshale wa juu umegusana na Shift bila mwanya wowote. Hata kwa kampuni ninayoipenda, hapa nakata alama. Zinafaa kwa mwenye meza ndogo anayehitaji mishale.

Za bei nafuu: chukua ya vitufe 61 au 68, pima Z kwa mwanya wa A na S, basi.

Za asilimia 40 siziweki kwenye orodha. Baadhi zimeficha hata kibainishi (') kwenye tabaka la pili, linalofikiwa kwa Fn, na mtu anayeandika ng'ombe, ng'ambo na kung'aa hawezi kuishi hivyo.

Ya mwisho ni ile ya vitufe 64. Kama tayari unayo na inakubali QMK au VIA, ipe kitufe cha mshale wa juu kazi mbili: kikishikiliwa kiwe Shift, kikiguswa haraka kiwe mshale. QMK huhesabu milisekunde 200 kuwa mpaka kati ya kugusa na kushikilia. Ukiwa mwepesi wa kuchapa, punguza kidogo kidogo hadi herufi kubwa zitoke bila kuruka mstari, kama toleo la programu yako linaruhusu. Safu ya Z hakuna programu itakayoirudisha. Na usitupe vifuniko vya vitufe vilivyokuja nayo, kwa sababu seti nyingi zinazouzwa zina Shift ya 2.25, 2.75 na pengine 1.75, mara chache sana ya yuniti 1.