Mlingoti wa kupima upepo mita 60: kusimamisha wako vizuri, baada ya hapo ndo shida

Natoa mrejesho huu kwa wenye mashamba wenzangu huku Singida mnaofikiria kupima upepo wa kuzalishia umeme, maana mwaka jana tulisimamishiwa mlingoti kwenye shamba la familia na sitaki mwingine aumie tulipoumia sisi.

Mafundi wenyewe aisee nawapa maua yao. Mlingoti wanauunga vipande ukiwa umelala chini na vipima wanavifunga hukohuko chini, halafu winchi inauinua taratibu huku nyaya za pande zote zinaushikilia. Siku ya kwanza saa nne asubuhi upepo ukaanza kuvuma, fundi mkuu akasema leo hatuinui, mi nikakasirika naona siku imeenda bure, kesho yake wakaanza saa 12 alfajiri kumetulia na saa nne haijafika mlingoti uko wima, hapo ndo nikamwelewa. Na kila nanga, yani kile kinachoshika nyaya ardhini, waliivuta kwanza kuijaribu, udongo wetu kichanga, nanga moja wakaing'oa wakachimba upya bila kudai hela ya ziada.

Vikombe vya kupimia kasi wamevitoa mbali na bomba la mlingoti kwa mikono mirefu, maana bomba lenyewe linakinga upepo na namba zinadanganya. Hili msilichukulie poa, nguvu ya upepo inaenda na kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu (kasi × kasi × kasi), yani kasi ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nane, ukikosea kasi kwa asilimia 10 tu nguvu umeikosea kwa kama asilimia 30. Daini cheti cha kila kipima kinachoonyesha kimehakikiwa kuwa kinasoma sawa.

Sasa walipoondoka. Data zinatumwa kwa laini ya simu, bando likaisha, napiga simu naambiwa usijali kumbukumbu zinabaki kwenye kadi. Kweli zilibaki, ila walipokuja kufungua wakakuta kipima mwelekeo kilishakufa wiki sita nyuma, kebo imekatika. Data zingekuwa zinatumwa wangeona siku ileile! Na ilikuwa kiangazi, msimu wetu wa upepo wenyewe, wakati unatakiwa upate miezi 12 iliyokamilika. Iliniuma sana.

Kusimamisha nyota 5, huduma ya baadae 2. Kwenye mkataba andikeni nani analipia bando na nani anaangalia data kila siku, na malipo ya mwisho shikilieni mpaka mwaka uishe.