Chaja, betri na kibodi za kipakatalishi cha mwaka 2011: duka moja karibu na soko la Marikiti, Mombasa

Kipakatalishi changu ni Dell Latitude E6420, cha muundo uliotoka mwaka 2011, nacho ndicho ninachotungia mitihani na kuhifadhi alama za wanafunzi wangu. Nilikinunua kikiwa kimekwisha kutumika Uingereza, kama zilivyo mashine nyingi zinazouzwa hapa Mombasa, na hakikuwahi kunisumbua hadi chaja yake ilipokufa katikati ya mwezi wa Ramadhani.

Chaja niliyoinunua badala yake, katika duka jingine la mjini, iliingia kwenye tundu bila shida na taa yake ikawaka, nami nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika. Nilipokiwasha kipakatalishi, kilinionya kwamba hakiitambui chaja ile. Betri haikupanda hata asilimia moja, na kazi ikawa ya kukokota. Nilipoirudisha niliambiwa kwamba kosa ni la mashine yangu kwa sababu ni ya zamani, na kwamba ningefanya vyema kununua mpya. Jibu hilo liliniuma, maana mashine haikuwa na kosa lolote.

Aliyenieleza ukweli ni fundi wa duka ninalotaka kulisifu, lililo katika kichochoro kinachotokea Barabara ya Digo, hatua chache kutoka Marikiti. Nilipompigia simu kumwuliza bei, hakunitajia bei. Alisema, "Mwalimu, usilipe chochote kwanza. Niletee mashine yenyewe na hizo chaja zote mbili." Nilipofika aliigeuza ile chaja mpya mbele ya taa na kunionyesha pini nyembamba iliyo katikati ya kichwa chake. Katika Dell za aina hii, pini hiyo haipitishi umeme wa kuendeshea mashine. Kazi yake ni kupeleka utambulisho kutoka kwenye chipu ndogo iliyomo ndani ya chaja. Kipakatalishi kikikosa kuusoma utambulisho huo, hukataa kuijaza betri na hujipunguzia kasi. Chaja nyingi za HP za miaka ile nazo zina kichwa cha milimita 7.4 na pini katikati, lakini namna zinavyojitambulisha si ile ya Dell, kwa hiyo chaja kuingia kwenye tundu si ushahidi kwamba inafaa.

Hata baada ya kuyaeleza hayo hakukimbilia kuniuzia. Alichomeka kwanza chaja yake mwenyewe ambayo anajua kuwa ni nzima, tukasubiri, onyo halikutokea. Jaribio hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa pini ikiwa imepinda, au tundu la mashine likiwa limeungua, hata chaja halisi itakataliwa, na mteja atanunua chaja tatu kabla ya kugundua kwamba tatizo liko kwingine. Hapo ndipo alipotoa kwenye droo chaja halisi iliyotumika, ya volti 19.5 na ampea 4.62, yaani wati 90, akaupima umeme wake kwa mita, akaukunjakunja waya pale unapotokea kwenye kichwa, mahali ambapo nyingi hukatikia kwa ndani, kisha akaiacha ikifanya kazi kwa nusu saa huku akihudumia wengine. Nililipa shilingi 1,800 kwa M-Pesa, na mwaka sasa unakaribia kwisha bila hitilafu.

Kwa upande wa betri, uaminifu wake ulinigusa zaidi. Alikuwa na betri halisi zilizotumika, za bei nafuu, lakini alinishauri nisizichukue. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini, na joto la pwani huiharakishia uzee huo, hivyo neno "halisi" kwenye betri ya zaidi ya miaka kumi halina maana kubwa. Aliniuzia mpya ya kampuni nyingine, tukaijaza palepale, kisha akatoa ripoti ya betri kwa amri ya powercfg /batteryreport, ambayo mtu yeyote mwenye Windows 10 anaweza kuiandika mwenyewe. Lebo ilisema wati-saa 60, yaani kiasi cha umeme ambacho betri huweza kuhifadhi. Ripoti ilionyesha 52. Hakuificha tofauti hiyo, bali alinipunguzia bei, nami nikaikubali kwa kuwa inanitosha kwa vipindi vitatu vya asubuhi.

Kibodi ndiyo iliyochelewa. Iliyokuwepo dukani ilitoka Ujerumani, ambako herufi Y na Z hubadilishana nafasi. Kwa mwandishi wa Kiswahili jambo hilo si dogo hata kidogo: anayeandika bila kutazama vidole ataona "yeye" imekuwa "zeze", na herufi hizo mbili hatuwezi kumaliza sentensi bila kuzigusa. Mpangilio unaweza kubadilishwa kwenye programu, lakini maandishi yaliyochapwa juu ya vitufe yatabaki kuwapotosha wengine wanaokitumia kipakatalishi hicho. Fundi aliniambia tofauti hiyo kabla sijaiona, akaagiza nyingine Nairobi, na ilifika kwa basi baada ya wiki tatu badala ya moja aliyoniahidi.

Nina lawama nyingine pia. Bei hazikuandikwa popote, na dhamana ya siku saba hutolewa kwa mdomo tu. Nilimwomba aiandike kwenye risiti pamoja na namba ya betri, akafanya hivyo bila kinyongo, lakini mteja asiyejua kuomba ataondoka mikono mitupu. Ningependa sana alirekebishe hilo, kwa sababu kazi yake inastahili karatasi inayoithibitisha.

Atakayekwenda abebe kipakatalishi chenyewe na chaja yake iliyokufa, afike asubuhi kabla kichochoro hakijajaa mikokoteni ya Marikiti, na siku ya Ijumaa akumbuke kwamba duka hufungwa kuanzia saa sita hadi saa nane kwa ajili ya swala.