Klempu ya kuzibia bomba lililopasuka: nzuri sana, mradi ipimwe kwanza

Klempu hii ni pande mbili za chuma kisichoshika kutu, na ndani yake mna mpira mnene unaokazwa kwa bolti. Kati ya vifaa vyote vya dharura, ndiyo ya kuaminiwa kwenye bomba lenye presha. Tepu ya silikoni hutosha kitundu cha sindano tu. Gundi ya epoksi ya kawaida hushika palipo pakavu, na bomba lililopasuka halikauki upesi.

Makosa huanzia dukani. Mtu huomba klempu ya "nusu inchi" kana kwamba mabomba yote ya nusu inchi yana unene mmoja. La chuma lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, la PPR (plastiki inayounganishwa kwa joto) linalolingana nalo lina 20. La robo tatu ya chuma lina takriban 26.9, la PPR 25. Mpira uliolegea hujikunja, na maji hupita palepale kwenye mkunjo. Kama huna kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), zungushia bomba uzi mara moja, upime urefu wake, ugawe kwa 3.14. Uzi wa milimita 67 ni bomba la 21.3. Urefu wa klempu nao uuzidi ufa kwa sentimita 2 au 3 kila upande, kwa sababu ufa wa plastiki huendelea kutambaa.

Ufungaji ni rahisi. Funga koki kuu, zima hita, fungua koki ya chini kabisa ili maji yaishe. Maji yakiwa yamefikia soketi za umeme, usiyakanyage kwenda kuzima swichi. Sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha pitisha kidole taratibu kwenye ufa: bomba la chuma likipasuka huacha ukingo mkali uliochomoza nje, na ukingo huo hukata mpira. Usawazishe kwa tupa. Watu wengi huiruka hatua hii, halafu huilaumu klempu.

Weka katikati ya mpira juu ya ufa, mdomo wa klempu, yaani pale kingo zake zinapokutana, ukae upande wa pili. Kaza nati kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, nafasi kati ya midomo ibaki sawa juu na chini. Kwenye bomba la plastiki ya PVC acha mara mpira unapobana. Ukizidisha, bomba linapasuka upya. Fungua maji polepole, maana yakiingia kwa kishindo hulipiga bomba. Baada ya dakika 10 bana karatasi ya tishu kwenye kingo: itaonyesha unyevu ambao jicho haliuoni.

Kwenye elbo (kiungio cha kona), tii (kiungio cha njia tatu) au nyuzi za maungio haifai kabisa. Haifai pia kwenye bomba la chuma lililoliwa na kutu kutoka ndani: tundu ni moja, lakini ukuta wote umekuwa mwembamba, na ukikaza unabonyea. Hilo likatwe. PPR nayo hatimaye ikatwe na kuchomelewa soketi ya bomba (kiungio cha vipande viwili), kazi inayotaka bomba kavu. Klempu inakupa muda wa kumsubiri fundi.

Kwa maji ya moto chagua yenye mpira wa EPDM, aina inayostahimili joto. Angalia na bolti: klempu nyingi za bei nafuu zina ukanda mzuri, lakini bolti ni chuma cha kawaida kilichopakwa tu, na nati zake hung'ang'ania kwa kutu. Na usiifukie ukutani. Iache mahali inapoonekana na spana inapofika.