Kamera ya Mwanafunzi: Chungulia Kwanza, Lipa Baadaye

Kila boom, yaani pesa ya mkopo wa chuo, likiingia, wanafunzi huniuliza swali lilelile: "Dada, ninunue kamera gani ya kujifunzia?" Baada ya muda yanafuata malalamiko, nayo yanafanana. Mtu amekwenda soko la samaki la Feri kumpiga picha muuza pweza, amepanga kila kitu vizuri, halafu picha inatoka na nusu ndoo kushoto na kiwiko cha mteja kulia. Anaapa kwamba hakuviona alipochungulia. Namwamini kabisa, maana kamera yake ndiyo haikumwonyesha.

Megapikseli sizigusi, wauzaji wa Kariakoo wanazihubiri vya kutosha. Video nayo tuiache. Ugomvi wangu ni na kile kitundu cha kuchungulia, ambacho hakuna anayekiuliza dukani.

DSLR nyingi za bei ya chini (kamera zenye kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye kitundu) zinakuonyesha asilimia 95 ya upana na asilimia 95 ya urefu. Zidisha: 0.95 mara 0.95 ni kama 0.90. Yaani sehemu moja katika kumi ya picha inaingia bila wewe kuiona. Mpiga picha wa sendoff hajali, atakata kingo kwenye kompyuta. Lakini mwanafunzi anaambiwa apitishe jicho kwenye kingo zote nne kabla ya kubonyeza. Kumpa kitundu hicho ni kumfundisha fundi nguo kwa futi iliyokatwa ncha. Atafanya zoezi vizuri, na bado ndoo itatokea. Mwishowe anazoea kupiga pana na kukata baadaye, basi hapo hajifunzi tena mpangilio. Ndiyo, kioo cha nyuma kinaonyesha picha nzima. Kijaribu saa saba mchana Kivukoni, kwenye jua lile, uone kama utaona chochote zaidi ya uso wako.

Basi kamera ya kujifunzia, namba moja ni Nikon D7000. Nina upendeleo na sifichi. Ilitoka mwaka 2010, wenzako wenye kamera mpya watakucheka, waache wacheke. Kitundu chake kinaonyesha picha karibu yote, asilimia 100, na ndani mna prizimu ya kioo, kwa hiyo unachokiona ni kikubwa na chenye mwanga. Kisha ina magurudumu mawili. Ukiwa kwenye M, yaani unapanga mwanga mwenyewe, kidole gumba kinaendesha kasi ya shata nyuma, kidole cha shahada kinaendesha tundu la lenzi mbele. Anza na tundu f/8 na kasi 1/125 ya sekunde. Zungusha la mbele mara tatu ufike f/5.6, mwanga umeongezeka maradufu. Zungusha la nyuma mara tatu ufike 1/250, mwanga umerudi ulipokuwa. Vidole vikishazoea mchezo huo, somo la mwanga limeingia bila kukariri mchoro wa pembetatu ya mwanga wa vitabuni. Kwenye kamera ya gurudumu moja lazima ushikilie kitufe huku unazungusha, na wanafunzi wengi wanachoka na kurudi kwenye Auto.

Kuna na hili: D7000 ina mota ya fokasi, ya kunoa picha, ndani ya bodi, hivyo lenzi za zamani kama 50mm f/1.8D zinafokasi zenyewe. Ukizifunga kwenye D3400 au D5300 utazungusha kwa mkono. Na kwa anayehangaikia megapikseli, zake 16.2 zinachapa ukubwa unaokaribia A3 bila aibu. Wewe unataka kubandika bango Ubungo? Ukipata D7100 kwa nyongeza ndogo, chukua, kitundu nacho ni asilimia 100.

Namba mbili, Sony a6000 ya 2014. Kitundu ni cha kielektroniki, kinaonyesha picha yote, na ukikosea mwanga unauona umekosea kabla hujabonyeza. Nzuri, ila betri. Kwa vipimo vya kiwandani ni picha 310 ukitumia kitundu, wakati D7000 inafika 1,050. Angalia pia menyu: zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinaongea Kijapani tu.

Namba tatu, Canon 70D, asilimia 98. Inavumilika.

Canon 4000D, 1300D, Nikon D3400: asilimia 95, gurudumu moja. Hiyo 4000D haina hata kile kigurudumu cha kurekebisha kitundu kwa macho ya mvaa miwani. Bora ubaki na simu, ujifunze mpangilio, uendelee kuweka akiba.

Sasa wauzaji. Bei siandiki, kwa sababu kamera moja, duka moja, ina bei ya asubuhi na bei ya jioni, na bei ya mwenye kitambulisho cha chuo shingoni. Kitambulisho kiache mfukoni. Watakutajia "Rebel T6" kana kwamba ni ndege mpya. Ni 1300D hiyohiyo kwa jina la Marekani, na Japani inaitwa Kiss X80. Watakupa "full set": stendi inayotetemeka, begi, na lenzi ya kubandika mbele inayoharibu lenzi nzuri iliyopo. Yote yamo kwenye bei.

Ukifika dukani omba kalenda ya ukutani, hawakosi. Chungulia, kingo za kalenda ziguse kingo za kitundu pande zote, piga, kisha tazama kwenye kioo. Ukiona ukuta umezunguka kalenda, umeshajua. Kwa Nikon, hamishia picha hiyo kwenye simu usome idadi ya shata, yaani mara ambazo kamera imeshapiga, ndani ya taarifa zake. Canon nyingi haziiandiki humo. Shata ya D7000 imepimwa kwa mara 150,000. Muuzaji akikuambia "imepigwa kidogo tu, dada, ilikuwa ya daktari," mwonyeshe namba kwenye simu, halafu muulize chaja yake, MH-25, iko wapi, maana hiyo wanapenda kuiuza peke yake.