Nipangie importi, usinifutie

Jina la programu hii, inayopanga na kufuta importi (mistari inayoleta moduli, yaani faili jingine la msimbo, ndani ya faili la Python), naliacha, maana ugonjwa huu si wake peke yake na sitaki msomaji ajifariji kwamba yeye anatumia nyingine. Nina hasira nayo, na hasira yote inatokana na mstari mmoja:

`from . import signals`

Anayeandika Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, ameshautambua. Unakaa kwenye `apps.py`, ndani ya `ready()`, na baada ya hapo jina `signals` halitajwi tena popote. Halina haja ya kutajwa. Moduli ikishaletwa tu, vipokezi vyote vyenye `@receiver`, yaani funkisheni zinazosubiri tukio, vinajisajili, na rekodi ikihifadhiwa vinaamka na kufanya kazi yao. Nyaraka za Django zenyewe zinafundisha hivyo. Sasa programu ya kusafisha ikapita, ikaona jina halitumiki, ikalibandika F401, alama ya importi isiyotumika, ikafuta. Na kwa kuwa Python haikubali funkisheni tupu, ikapachika `pass` pale pale. Jamani, `pass`! Amri ambayo kazi yake ni kutofanya chochote. Shimo limechimbwa na kufunikwa na mchimbaji yule yule.

Vipokezi hivyo ndivyo vilivyokuwa vikituma SMS kwa mwanachama wa SACCOS kila mchango wake unapoingia. Baada ya usafi ule, michango iliendelea kuingia na hesabu zikaendelea kukaa sawa, ila SMS hazikutoka. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye seva. Majaribio yetu yalipita yote, kwa sababu faili la majaribio lilikuwa linaleta moduli ya `signals` lenyewe, kwa hiyo huko vipokezi vilisajiliwa kama kawaida. Na kwenye orodha ya mabadiliko, mstari uliofutwa ulizama katikati ya mafaili chungu nzima ambayo yalipangwa upya tu. Nani angeuona?

Aliyeona ni mama mmoja anayeuza samaki Feri. Alimpigia mweka hazina akiwa amekasirika kweli: "Kaka, mtandao umeshanikata, ujumbe ninao. Ninyi mbona kimya? Hela yangu mmeipeleka wapi?" Akafuata mwingine, na mwingine. Mweka hazina wetu ni mtu mzima, mwaminifu, wanachama wamemchagua tena na tena. Kwa siku kadhaa alikuwa akitazamwa kama mwizi, na kwenye kikao mtu alisimama akataka aonyeshe daftari la benki mbele ya wote. Alilionyesha. Hela zilikuwepo, kila shilingi. Lakini heshima ya mtu ikishajadiliwa kikaoni hairudishwi na toleo jipya la programu.

Niliwaandikia wenye programu nikaeleza yote. Jibu lilikuwa mstari mmoja: imefanya ilichopaswa kufanya, weka `# noqa: F401`, yaani alama ya kuiambia programu iuache mstari huo. Suala likafungwa. Hakuna pole, hakuna hata swali. Hiyo `noqa` ni dawa ya anayejua tayari kwamba ataumwa. Kijana aliyejiunga na timu majuzi atajuaje kwamba mstari ule, unaofanana na mingine yote, ndio unaobeba SMS za watu?

Na wasiseme jambo hili halikufahamika. autoflake, programu nyingine ya kufuta importi zisizotumika, ukiitumia bila kuiongezea amri, inafuta importi za maktaba ya kawaida ya Python tu, na walioiandika wameeleza sababu: moduli nyingine zinaweza kuwa na athari zinapoletwa, kwa hiyo kuzifuta kiotomatiki si salama. Kwenye Go, lugha nyingine ya programu, kompaila inakataa kabisa importi isiyotumika, lakini ukitaka athari yake tu unaweka mstari wa chini mbele, kama `import _ "github.com/lib/pq"` kwa ajili ya hifadhidata ya PostgreSQL, na goimports, programu ya kupanga importi za Go, inaiacha ilivyo. Lugha imekupa njia ya kusema unachokusudia. Python haijatupa alama kama hiyo. Basi programu ya Python inayofuta importi inabahatisha, na anayebahatisha hapaswi kushika mkasi.

Lakini nisiwe mkatili. Kwenye kupanga ni nzuri, tena nzuri sana. PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python, imekuwa ikituambia tangu 2001 tutenganishe makundi matatu: maktaba ya kawaida, za watu wengine, na za kwetu, na nafasi kati yao. Binadamu hatukuwa tukifuata. Kila mtu alitupia importi yake mwisho wa orodha na Git, inayotunza matoleo ya msimbo, ikagonganisha matawi mahali pale pale. isort, programu ya kupanga importi, ndiyo iliyotuzoesha kuiachia mashine kazi hiyo, na ukiweka importi moja kwa kila mstari, migongano inapungua mno. Kwa hilo nilikuwa tayari kuipa hii ya kwetu alama nne kati ya tano, na bado nadhani inastahili.

Kupanga nako kunaweza kuvunja kitu, nalijua. Moduli mbili zinazoletana zikibadilishiwa mpangilio, unaweza kupata `ImportError`. Ila hiyo inapiga kelele programu ikiwaka tu, mbele yako, kabla mwanachama yeyote hajatuma hela. Kufuta kunavunja kimyakimya, na kelele inapigwa kwa mweka hazina.

Hapana, hizo nne nazifuta. Programu iliyopewa maelezo yote ya jambo kama hili na bado ikaacha kufuta kukiwa kumewashwa tangu mwanzo inastahili moja, na hiyo moja ni ya kupanga. Nimeiondoa kwenye mfumo wa SACCOS. Sasa tunatumia Ruff, programu nyingine ya kukagua msimbo wa Python, na kwenye `pyproject.toml`, chini ya `[tool.ruff.lint]`, nimeandika `unfixable = ["F401"]`: itaonyesha importi isiyotumika, na kuifuta atafuta mtu. Nimeongeza na jaribio linalohifadhi mchango na kudai SMS itoke, ndani ya faili ambalo haliruhusiwi kuleta `signals` kwa namna yoyote ile.