Likizo Ushongo: Siku Hupangwa na Maji

Kusini mwa mji wa Pangani, ukishavuka mto kwenda Bweni, huanza ukanda wa pwani unaopita Ushongo na kuendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Sehemu kubwa ya ukanda huo ni mchanga, minazi, mivinje na vijiji vya wavuvi vilivyoachana mbali. Nyumba za wageni zipo, lakini ni chache na nyingi ni ndogo, zimeezekwa makuti na kutawanywa chini ya minazi. Nililala katika mojawapo, na sitaitaja kwa jina, kwa sababu ninayoyasifu hapa na ninayoyalalamikia yanaihusu pwani yenyewe kuliko mlango mmoja. Ushongo inamfaa sana mtu aliye tayari kuipanga siku yake kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji, na itamchosha mapema yule anayetaka bahari imsubiri. Wenye nyumba za wageni wanalijua hilo vizuri, ila mteja hulisikia akiwa ameshalipa na ameshafika.

Picha za matangazo karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa, wakati bahari ya buluu inagusa mizizi ya minazi na mgeni anaweza kutoka kitandani akaingia majini. Hali hiyo ni ya kweli kwa saa chache tu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii huweza kuzidi mita 3, na kwa kuwa ufukwe wa Ushongo hauna mteremko mkali, bahari hurudi nyuma sana na kuacha uwanda wa mchanga wenye mifereji na vidimbwi. Anayetaka kuogelea wakati huo atatembea mpaka achoke kabla maji hayajamfika kifuani.

Jambo ambalo sijaliona katika tangazo lolote, na ambalo mvuvi yeyote wa hapa atakueleza bila kufikiri, ni kwamba bamvua ina saa zake. Katika siku hizo maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, yaani zile za katikati ambapo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, mambo hugeuka, kwa hiyo saa nne asubuhi ndipo bahari inapokuwa imekaribia ukingo wa mchanga. Maana yake ni kwamba familia yenye watoto wanaotaka kucheza majini asubuhi, kabla jua halijawa kali, ichague wiki ya maji mafu. Anayependa kutembea juu ya mchanga uliofunuliwa, kuangalia mashimo ya pweza na kaa, au kwenda asubuhi kwenye Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini, achague bamvua. Kuitazama kalenda ya mwezi kabla ya kuweka nafasi hakugharimu chochote, na kwa maoni yangu kuna faida kubwa kuliko kubishana juu ya chumba kipi kina mandhari bora, kwani vyote vinatazama mashariki na vyote hupata macheo yale yale.

Maziwe peke yake yanatosha kuihalalisha safari. Ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, na wazee wanaolikumbuka vizuri hulieleza kama kisiwa chenye miti, kwa sababu kweli lilikuwa na mivinje na vichaka. Mchanga uliliwa na bahari, miti ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikubaki hata mti mmoja. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yakijaa na kuibuka tena yakipwa, likizungukwa na miamba ya matumbawe. Kwa sababu hiyo, safari ya Maziwe haina saa maalumu ya kuondoka. Nilipomwamkia nahodha shikamoo na kumuuliza kama tungeondoka baada ya chai, aliitikia marahaba, akatazama kwanza mstari wa unyevu kwenye mchanga kisha akatazama juu, akasema, "Bado, mwanangu, kule bado ni bahari tupu. Subiri jua lipande mpaka pale kwenye kichwa cha mnazi." Tulisubiri, na tulipofika fungu lilikuwa linaanza kuchomoza, jeupe, likiwa halina alama ya mguu wowote isipokuwa ya ndege.

Kuzamia kwa miwani na mrija pembezoni mwa miamba ilikuwa sehemu bora ya likizo yote. Samaki ni wengi na wa rangi nyingi, na maji yalikuwa angavu kiasi cha kumwona samaki aina ya taa akijizika mchangani. Vifaa tulivyopewa, kinyume chake, vilikuwa vimechakaa: miwani ilikuwa inavuja na mpira wa mrija mmoja ulikuwa umepasuka. Mwenye vifaa vyake na avibebe. Jambo lingine la kubeba ni kivuli, kwa kuwa fungu halina hata jiwe la kujificha nyuma yake, na jua linaloakisiwa na mchanga mweupe huunguza hata chini ya kidevu. Ada ya kuingia eneo tengefu hulipwa mbali na gharama ya chombo, na ni vyema kuuliza mapema kama bei uliyotajiwa inazijumuisha zote mbili, kwa sababu sisi tulitajiwa ya chombo tu, ile nyingine tukaikuta kwenye hesabu ya mwisho.

Kupotea kwa kisiwa kulileta tatizo kwa kasa, ambao waliendelea kurudi kutaga mahali pale pale. Yai la kasa likifunikwa na maji ya chumvi kwa muda haliwezi kuangua, na kuatamia huchukua takriban miezi miwili, muda ambao fungu huzama mara nyingi mno. Kwa hiyo mayai hufukuliwa kwa uangalifu na kuhamishiwa kwenye mchanga wa Ushongo, yanakozikwa juu ya mstari wa maji na kulindwa hadi yaangue. Mgeni mwenye bahati ya kufika wakati wa kuangua huruhusiwa kusimama kando na kuwatazama vifaranga wakiteremka baharini. Ni shughuli ya dhati inayofanywa na watu wa kijiji, na kama kuna mchango unaoombwa, utoe bila kusitasita.

Ndiyo maana jambo moja la nyumba tuliyolala liliniudhi kuliko mengine yote. Kifaranga wa kasa huelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa maumbile huwa ni upeo wa bahari, na taa kali ya ufukweni humpoteza njia akaishia vichakani. Nyumba inayojitangaza kuwa rafiki wa mazingira ilikuwa na taa kubwa nyeupe juu ya nguzo ya sebule, iliyowaka ikiuelekea mchanga mpaka usiku wa manane. Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu kwamba ni kwa usalama wa wageni. Taa ndogo yenye mwanga hafifu, iliyofunikwa na kuelekezwa chini kwenye njia za miguu, ingetosha kwa usalama huo, na wageni nao wangezipata nyota. Walipoizima hatimaye, Kilimia kilionekana waziwazi bila ya kutafutwa.

Mengine ya malazi hayana uzito mkubwa. Kibanda kilikuwa safi, chandarua hakikuwa na tundu, na umeme wa jua ulitosha taa na simu lakini si feni ya usiku kucha. Maji ya kuogea yana ladha ya chumvi na sabuni haitoi povu vizuri. Jikoni huhitaji kuambiwa asubuhi chakula cha jioni, jambo ambalo mwanzoni huonekana usumbufu mpaka utambue kwamba samaki wako bado yuko baharini. Changu wa kupaka niliyeletewa, mwenye tui zito na ndimu, sijui kama nimewahi kumpata mwingine wa kumshinda. Kifungua kinywa kilikuwa cha kawaida mno, mkate wa mji na siagi ya kopo, na ni ajabu kwa nini mgeni anyimwe mbaazi na mahamri katika pwani inayojua kuyapika.

Wanaotafuta ufukwe usio na watu wajue pia kwamba ufukwe huu ni mahali pa kazi. Asubuhi ngalawa huingia na kusukumwa juu ya mchanga, matengo yake, yaani mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, yakiwa bado yanachuruzika, na wachuuzi huwa wameshafika na mizani na ndoo zao. Maji yakipwa, akina mama huingia mpaka magotini, wawili wawili, wakiwa wameshika kitambaa kirefu pembe zake. Huizamisha ncha ya chini, huenda pamoja polepole wakiupinda mwili, kisha huinua kwa ghafla na uduvi hubaki katikati ukirukaruka. Nilimsikia mgeni mmoja akilalamika kwamba "wenyeji wanapita mbele ya viti". Viti ndivyo vilivyowekwa mbele ya wenyeji, na mwenye kuona kero katika hilo ana hoteli nyingi zenye uzio za kuchagua kwingineko. Kumpiga mtu picha akiwa kazini bila kumwomba ruhusa ni utovu wa adabu, na kuvaa nguo za kuogelea hadi ndani ya kijiji vivyo hivyo.

Kuhusu msimu, ningeepuka masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu mbili: barabara ya udongo huwa na utelezi, na mto Pangani, unaobeba maji kutoka Kilimanjaro na Meru, humwaga tope linaloipa bahari ya karibu rangi ya kahawia. Upepo wa kusi hupoza joto lakini huichafua bahari, na siku nyingine nahodha hukataa kabisa kwenda Maziwe. Akikataa, usimbembeleze. Kaskazi huleta joto zaidi na bahari yenye utulivu kwa siku nyingi, hasa mwishoni kabla mvua hazijaanza. Fedha taslimu zibebwe za kutosha, na dawa unazozitegemea pia, maana hospitali iko Pangani mjini na katikati kuna mto. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja lake la Pangani, inabadilisha hesabu hii, na sina hakika kama nyumba ndogo za Ushongo zimejiandaa kwa idadi ya wageni itakayokuja nayo.

Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hufikika kwa gari kutokea Ushongo, na inafaa kutengewa siku nzima. Twiga waliosimama karibu na mivumo ya bahari si jambo la kila mahali, na kwenye mto Wami viboko na mamba huonekana kwa urahisi. Wanyama hapa hawajazana kama kwenye mbuga za kaskazini, hivyo anayewahesabu atavunjika moyo. Dereva tuliyepewa alikuwa na subira na aliijua njia, ingawa tuliondoka tumechelewa kwa sababu vyakula vya kubeba havikuwa tayari. Agizeni vyakula hivyo usiku uliotangulia, na mwondoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.